Mruhusuni mama aje anitoe arobaini: barua ya wazi kutoka Sapporo

Sapporo, 20 Novemba 2025

Kwenu waheshimiwa mnaotunga na kusimamia masharti ya viza za kuingia Japani, na kwenu viongozi wetu wa Tanzania mnaokaa nao meza moja.

Baada ya salamu na heshima zote.

Mwanzoni mwa Julai nilikwenda kituo cha afya cha kata ninayoishi kuandikisha mimba yangu. Ndivyo ilivyo huku: hospitali ikishathibitisha, unakwenda serikali ya mtaa kutoa taarifa, nao wanakupa kijitabu kinachoitwa boshi techo, ambacho ndicho kadi yao ya kliniki, pamoja na kuponi za kupunguza gharama za mahudhurio 14. Nesi wa afya ya jamii alikaa nami karibu saa nzima na fomu yake ya maswali. Navuta sigara? Nalala vizuri? Nina wasiwasi wa fedha? Akafika kwenye swali moja, akaliwekea kidole na kuniangalia usoni: ukishajifungua, nani atakuwepo nyumbani kukusaidia?

Nikamjibu bila kufikiri, "Mama yangu." Akatabasamu, akaandika.

Mama aliomba viza Agosti. Tarehe 17 Septemba aliitwa kuchukua pasipoti yake, akairudisha nyumbani Tanga kama alivyoipeleka. Sababu haielezwi, ndiyo kanuni. Na kanuni nyingine inasema kwamba, kwa kawaida, ombi jipya la safari ya kusudi lilelile halipokelewi mpaka ipite miezi sita.

Usiku ule nilishusha kalenda ukutani. Natarajiwa kujifungua tarehe 28 Januari 2026. Arobaini yangu, Mungu akijaalia, itatimia tarehe 9 Machi. Miezi sita ya mama itatimia tarehe 17 Machi. Mama ataruhusiwa kuomba tena, kuomba tu, siku nane baada ya kazi iliyotaka kumleta kwisha.

Nimeandika barua hii kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo jambo hili lina maneno yake. Nakala ya Kijapani rafiki ananisaidia kuitafsiri.

Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua anaitwa mzazi, na mzazi ana haki zake. Kwa siku 40 hashiki jembe wala sufuria. Alfajiri anakandwa: maji yanachemshwa, taulo linachovywa na kukamuliwa, linawekwa tumboni, kiunoni, mgongoni, tena na tena mpaka ngozi iwe nyekundu na misuli ilegee. Kisha anafungwa mkaja, kile kitambaa kirefu cha kukaza tumbo, na hafungi mwenyewe, kwa sababu anayefunga lazima asimame nyuma yake na kuvuta kwa nguvu zote. Anapewa uji wa pilipili manga ungali moto, na supu ya pweza ikipatikana. Mtoto anaogeshwa na mtu ambaye mikono yake haitetemeki. Mzazi anaponyonyesha anafundishwa kushika titi, na akilia bila sababu hakuna anayemuuliza analilia nini. Wanamshika tu.

Mama yangu amewatoa arobaini dada zangu wawili. Dada mkubwa alijifungua salama, akaruhusiwa, siku ya tano akaanza kutetemeka. Yeye alisema ni baridi ya uchovu. Mama alipomkanda alisikia harufu isiyo ya kawaida, akamshika paji la uso, na kabla ya adhana ya adhuhuri walikuwa wameshafika hospitali. Alikuwa na maambukizi kwenye kizazi. Ndiyo maana nikisoma mahali kwamba wazazi wanaotaka kuwaita mama zao wanataka "kutembelewa na ndugu", nasikia neno hilo ni dogo mno. Mtu anayekuangalia mara tano kwa siku anaona mambo ambayo mtu mwenye homa hayaoni mwenyewe.

Wala si lazima niwaeleze haya kana kwamba ni mila ya mbali. Wajapani wanayo yao. Ghorofa ya chini yetu anaishi bibi mmoja mwenye umri wa miaka 80 na kitu. Mimba yangu ilipoingia mwezi wa tano, alinigongea mlango na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri ndani ya karatasi. Siku hiyo ilikuwa siku ya mbwa katika kalenda yao ya wanyama 12, na kwa kuwa mbwa anasifika kwa kuzaa bila shida, ndiyo siku ambayo mjamzito hufungwa tumbo kwa hara obi. Wao wanafunga kabla ya kuzaa, sisi tunafunga baada ya kuzaa. Nikamwonyesha kwa ishara jinsi mkaja unavyovutwa, akashika mdomo, akacheka kwa furaha. Halafu akaniuliza kwa Kijapani chepesi ninachokielewa: "Mama yako anakuja lini?"

Yeye hakuuliza kama anakuja. Kwake hilo halikuwa swali. Binti yake alipokuwa mjamzito alitoka Asahikawa akarudi kwao Sapporo mwezi mmoja kabla, akajifungulia huku, akakaa mpaka mtoto alipoanza kucheka. Jambo hilo lina jina, satogaeri, kurudi kwenu kujifungua, na hata hospitali zina utaratibu wake wa barua za kuhamisha mgonjwa. Lipo na neno jingine, tokoage, siku ya kukunja futoni, lile godoro lao la kutandika sakafuni: zamani, na kwa familia nyingi hata sasa, mzazi alitandikiwa futoni na ikabaki imetandikwa kama wiki tatu ili alale wakati wowote, mpaka mama yake aseme sasa inatosha, tuikunje. Bibi yule ameniuliza tena mara mbili baada ya Septemba. Mara ya kwanza nilimwambia bado. Mara ya pili nilishindwa kujibu, akanishika mkono.

Najua mtasema kwamba serikali imeweka huduma. Ni kweli, na nawashukuru kwa dhati. Uzazi wa kawaida hapa haulipiwi na bima ya afya kwa sababu hauhesabiwi kuwa ugonjwa, lakini tangu Aprili 2023 mzazi aliye kwenye bima anapewa yeni 500,000 kwa kila mtoto, na zinakwenda moja kwa moja hospitali. Mwanangu atapata posho ya mtoto, yeni 15,000 kwa mwezi, sawasawa na mtoto wa jirani Mjapani. Mkunga au nesi atakuja nyumbani kumpima. Ipo pia huduma ya kulala kituoni baada ya kujifungua, ambayo siku zake ni za kuhesabu na nyingine unachangia mwenyewe. Manesi wa kliniki yangu ni watu wa ajabu kwa uvumilivu, wanatumia kifaa cha kutafsiri, na neno likigoma wanachora. Sina lawama hata moja kwao.

Lakini huduma hizo zote zinakuja na kuondoka. Tutaruhusiwa hospitali baada ya siku tano au sita, katikati ya theluji ya Februari. Tunakaa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Hita yetu ni ya mafuta ya taa, kama nyumba nyingi za kisiwa hiki cha Hokkaido, na mafuta yanakaa stoo ya chini kwenye madumu mekundu ya lita 18. Tangi la hita likiisha mafuta, inalia, inazimika, na chumba kinaanza kupoa. Mume wangu anatoka saa moja asubuhi kwenda maabara. Wafanyakazi walioajiriwa wana likizo ya baba, sheria ya Oktoba 2022 imewapa hadi wiki nne ndani ya wiki nane za kwanza, jambo zuri sana. Yeye ni mwanafunzi wa udaktari wa falsafa. Mwanafunzi hana mwajiri, kwa hiyo hana likizo hiyo. Profesa wake amemruhusu siku kumi na sisi tumeshukuru. Siku ya kumi na moja, hita ikilia, nitashuka ngazi na mshono wangu au nitamwacha mtoto peke yake juu? Hilo ndilo swali ninalolala nalo.

Sasa nifike penye kiini cha barua yangu.

Sheria zenu zenyewe zinakiri kwamba mjamzito anahitaji mzazi wake. Mgeni mwenye hadhi ya mtaalamu wa kiwango cha juu anaruhusiwa kumleta baba au mama, wake au wa mwenzi wake, ikiwa ana mtoto wa chini ya miaka saba au ikiwa kuna mjamzito nyumbani wa kusaidiwa. Wanakaa kwa muda mrefu, si siku 90. Sharti moja kubwa ni kwamba kipato cha nyumba kifike yeni milioni nane kwa mwaka. Mume wangu anasoma kwa ufadhili wa serikali ya Japani, yeni 145,000 kwa mwezi, yaani 1,740,000 kwa mwaka. Mimi sitaki mama ahamie huku. Nataka siku 90 za viza ya kawaida ya muda mfupi. Ila naomba mlitazame hili kwa utulivu: mliokaa na kuandika kifungu kile mlijua kwamba mwanamke akijifungua ugenini anahitaji mtu wake. Mwili wangu utachanika na kuvuja damu na kujaa maziwa sawasawa na wa mke wa mhandisi wa milioni nane. Kama hoja ni nani atamlisha mama, tumeshajibu: atakula tunachokula.

Na hapo kwenye fedha pana jambo linaloumiza, nalo halihitaji sheria mpya kulirekebisha. Mdhamini anatakiwa kuonyesha kipato. Tulikwenda manispaa kuchukua cheti cha kodi, kikatoka kimeandikwa sifuri, kwa sababu ufadhili wa masomo haukatwi kodi na hivyo hauhesabiwi kuwa kipato. Karatasi inayosema mume wangu hana kitu, na karatasi inayosema serikali ya Japani inamlipa kila mwezi, zote mbili zimo kwenye bahasha moja. Tuliambatisha ya pili na taarifa ya benki. Je, aliyepitia alisoma ipi kwanza? Andikeni wazi kwenye orodha ya vielelezo kwamba ufadhili wa serikali ni kipato halali cha mdhamini, ili maafisa wote wausome namna moja.

Kuna pia ratiba. Miongoni mwa karatasi za maombi ipo jedwali inayotaka tarehe, shughuli ya siku hiyo, namba ya simu na mahali pa kulala. Mtalii anaijaza kwa urahisi: Tokyo, Kyoto, Mlima Fuji. Nilikaa nayo mezani mpaka usiku wa manane. Nikaandika: 10 Januari, kuwasili uwanja wa ndege wa Shin-Chitose. 11 hadi 27 Januari, kukaa na binti yake. 28 Januari, kuzaliwa mjukuu. Kisha nikaendelea na siku zilizobaki na nikaandika ukweli, mstari kwa mstari: kupika uji, kumkanda mzazi, kumwogesha mtoto. Kupika uji, kumkanda mzazi, kumwogesha mtoto. Mume wangu alinishauri niongeze hata siku moja ya kutembelea bustani ili isionekane ajabu. Nilikataa. Mama haji kuona bustani.

Tangu pasipoti irudi nimekuwa nikiipekua bahasha ile kichwani. Labda ni jedwali. Labda ni sifuri ya manispaa. Labda ni jina la mama, ambalo kwenye cheti changu cha kuzaliwa limeandikwa neno moja na kwenye pasipoti yake maneno mawili. Hili la jina lingerekebishwa kwa kiapo cha wakili ndani ya siku mbili. Miezi sita ya kusubiri bila kujua umekosea wapi ina maana gani kwa mtu ambaye tarehe yake haisogei? Mwanafunzi akikosa viza anaweza kungoja muhula ujao. Mfanyabiashara ataahirisha mkutano. Mimba haiahirishwi.

Naelewa hofu yenu pia. Wapo wanaoingia kwa viza fupi wasirudi, na afisa aliyeko dirishani ndiye anayebeba lawama. Basi mtazameni huyu aliye mbele yenu. Mama yangu ana miaka 61. Ana shamba la minazi Pangani, nyumba ya tofali aliyojenga na marehemu baba, na wajukuu watano wanaolala kwake wakati wa likizo. Pasipoti yake ina muhuri wa nchi moja tu, Saudia, alikokwenda Hija mwaka 2019 na kurudi na kundi lake siku iliyopangwa. Tiketi ya kurudi tumeikata. Bima ya safari tutalipa. Mkitaka nipige ripoti kituo cha polisi cha mtaa kila wiki nikiwa naye, nitakwenda naye, na mtoto mgongoni.

Wengine wameniuliza kwa nini nisirudi Tanga nikajifungulie huko. Nilitamani. Lakini daktari ameona kondo la nyuma limekaa chini na hataki nikae angani kutwa nzima. Bima yetu na fedha za uzazi ziko huku. Na mtoto akizaliwa nje, itabidi aombewe cheti cha ustahiki wa ukaazi kwanza, ndipo viza, na baba yake atamwona baada ya miezi. Akizaliwa hapa anaandikishwa manispaa ndani ya siku 14, anaombewa ukaazi ndani ya siku 30, basi.

Nalijua pia joto lililopo. Agosti mwaka huu, kwenye mkutano wa tisa wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, kule Yokohama, ulitangazwa mpango wa kuunganisha miji minne ya Japani na nchi za Afrika, mji wa Nagai na Tanzania, na habari zikapotoshwa zikasomwa kama mlango wa uhamiaji. Watu walikasirika, na Septemba mpango ukafutwa. Sisi tunaoishi huku tuliyasikia yale makelele hadi kwenye foleni za duka. Ninachoomba hapa hakimhamishi mtu yeyote. Mama ataingia na sanduku moja na atatoka na sanduku hilohilo.

Mwaka 2024 walizaliwa Japani watoto wapatao 686,000, mara ya kwanza idadi kushuka chini ya laki saba tangu hesabu hizo zianze mwaka 1899. Hao ni watoto wa Kijapani peke yao. Mwanangu hatakuwemo kwenye hesabu ya mwaka wake. Silalamiki kwa hilo, ni Mtanzania kwa damu. Ila nchi inayosikitikia vitanda vitupu vya watoto kiasi hiki, naamini inajua thamani ya mzazi kulelewa vizuri, awe wa wapi.

Kwa hiyo naomba hivi. Safari ya mama kuja kumlea binti aliyejifungua itambuliwe kwa jina lake kwenye viza za muda mfupi, na cheti cha hospitali chenye tarehe ya makadirio kiwe kielelezo chake kikuu. Ombi likikosa karatasi, mwombaji aambiwe karatasi gani. Na kanuni ya miezi sita isimguse mjamzito ambaye muda wake utapita kabla haijaisha.

Nanyi viongozi wetu wa Tanzania, ndugu zangu, ninyi ndio mnaoweza kulitamka jambo hili kwenye chumba ambacho mimi siingii. Tunawaleta vijana wetu kusoma huku, nao ni watu wazima, wanaoa, wanazaa. Mnapozungumza idadi ya nafasi za masomo, zungumzeni na hili. Barua moja ya ubalozi kuthibitisha kwamba mama fulani ni mama wa fulani ingemwondolea afisa wa viza mashaka ya tahajia. Msingoje tuje kuomba mmojammoja tukiwa na matumbo makubwa.

Mama hupiga simu kila siku saa tatu usiku ya hapa, kwake ni saa tisa alasiri, ameshatoka shamba. Jana alinionyesha kwenye simu mkaja wangu. Amenunua marekani, ile nguo nyeupe nzito, akaikata na kupinda kingo kwa mkono. Aliniambia anaweza kuutuma kwa posta ukawahi. Nikamwambia autunze kwanza.

Maombi yake mapya yako tayari: cheti cha hospitali, cheti cha ufadhili, kiapo cha jina, ratiba ileile. Bahasha ipo juu ya kabati lake pale Tanga. Niambieni tarehe ya kuipeleka dirishani, na iwe kabla ya 28 Januari.

Wenu kwa heshima,
Mjamzito kutoka Tanga, mkazi wa Sapporo